Kosa la Mwanamvua

Fomu ina mistari kumi na mmoja.
Bwana Shemhina ameninyooshea pamoja na kalamu,
kalamu ya wino wa buluu iliyofungwa kwa uzi mezani
isije ikaibwa.

*Jina la mtunzi.*

Nimetoka Tongoni alfajiri, mkeka nimeukunja kwapani,
kindu bado zanuka moshi wa chungu cha rangi,
na hapa ghorofani, Barabara ya Nne,
feni inazunguka kama mtu anayekataa posa:
hapana, hapana, hapana.

Niandike nini?
Nakshi hii nilipewa na Bi Mwanamvua,
naye alipewa na mke mwenza wa mamaye,
naye huyo, hapo habari inapita chini ya habari nyingine
kama ukili, hutaiona tena mpaka ugeuze upande wa pili.

Na kupewa kwenyewe kulikuwa na sheria:
pishi ya mchele, kaniki mpya,
usiku saba nyumbani kwake bila kugusa hata ukindu mmoja,
kutazama vidole tu.
Ukisinzia, unaanza upya. Nilianza upya mara mbili.
Siku ya nane akaniwekea kindu mapajani, akasema:
Suka kama nilivyosuka, ila pembeni, ukili unapogeuka,
ukindu mmoja upite juu ulipopaswa kupita chini.
Kosa hilo ni langu. Libebe mpaka ufe,
watu wajue ni nani anayekudai.

*Tarehe ya kubuniwa.*

Nimeruka.

Mwezi wa Shaabani, soko la Mgandini,
kijana kaning'iniza mikeka ya plastiki, mizuri, inang'aa,
unaiosha kwa ndoo moja ya maji na unaianika ukutani.
Nikasimama. Nakshi yetu.
Nikainama pembeni, miwani mkononi,
na pale pale, ukindu usio ukindu,
uliochapwa kwa wino,
ulipita juu ulipopaswa kupita chini.
Nikafunua wa pili. Wa tatu. Nikafunua wote
mpaka kijana akaniuliza kama nimepoteza kitu.
Mashine ilikuwa imebeba kosa la Mwanamvua
ikidhani ni pambo.

Nani kakufundisha? nikamwuliza.
Kontena, mama.

Bwana Shemhina si mtu mbaya. Kanisikiliza yote,
chai yake imefanya utando.
Kanieleza taratibu, kama anayemsomea mtoto:
sheria humlinda mtunzi maisha yake yote
na miaka hamsini baada ya kufa. Kisha ni mali ya kila mtu.
Huyo bibi alifariki lini?
Mwaka ule wa unga wa yanga, nikasema.
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
Ah. Imeshapita.

Imeshapita.
Kwetu mtu akifa ndipo deni linapokomaa.
Aliye hai unaweza kumwomba akuvumilie,
unaweza kumpelekea samaki;
maiti utamwomba kwa mdomo gani?

Hakimiliki. Nalitafuna neno hilo toka asubuhi.
Haki naijua. Miliki naijua.
Zikigandana hivyo sizijui tena.

Akaukunjua mkeka juu ya majalada,
akapapasa kwa kidole gumba, polepole, kama anayeupenda,
mpaka akafika pembeni. Akasita.
Hapa pameharibika kidogo, mama.
Ungetuletea ulio mzuri.

Nikaivuta kalamu hadi uzi ukakaza.
Kwenye mstari wa jina la mtunzi nikachora
vijiti viwili vya kulala, kimoja cha kusimama,
nacho kimepita juu.

Herufi kubwa, mama, akasema.
Na mkeka utabaki hapa. Kielelezo.

Nikamwuliza kama nyumbani kwake
kuna pishi ya mchele.